Maswali ya wasomaji: akili huchokea wapi unapoandika?

Tulipowaalika wasomaji watuulize kuhusu kazi ya kuandika, tulitarajia maswali ya sarufi. Karibu wote wameuliza kuhusu kichwa kizito. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha. Wanaojibu ni wahariri wetu wa miswada na ripoti.

Saa tano asubuhi nimeshachoka, na nina sentensi tatu

*Wahariri, hamjambo. Naandika ripoti za shirika moja hapa Kilimani, kwa Kiswahili, maana zinasomwa na kamati za vijiji. Naketi saa tatu. Naandika sentensi, naifuta. Natafuta neno kwenye simu, narudi. Nataka takwimu, nafungua intaneti, narudi. Ikifika saa tano kichwa kinagonga na ukurasa bado mweupe. Au kazi hii si yangu? — Mwandishi wa ripoti, Kilimani*

Kazi ni yako, ila unafanya kazi nne kwa mkupuo. Hebu soma tena barua yako mwenyewe. Kuna kuwaza unachotaka kusema, kuna kusaka neno, kuna kusaka takwimu, na kuna kuhukumu kama sentensi imekaa vizuri. Ile sehemu ya akili inayoshikilia mambo kwa muda mfupi ni ndogo mno. George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1956 kuwa inabeba vitu saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaishusha hadi vinne hivi. Ukienda kutafuta takwimu, wazo ulilokuwa umelishika linadondoka, na ukirudi unaanza kuliokota upya. Huko kuokota ndiko kunakokumaliza.

Kwa hiyo zitenganishe. Rasimu ya kwanza iandike bila kutoka kwenye ukurasa hata mara moja. Panapokosekana kitu, weka XX na usonge mbele. Kiswahili hakina x, basi baadaye ukitafuta XX ndani ya faili utaletewa mapengo yako na si kitu kingine. Kama kilichokosekana ni neno, andika XX halafu ulieleze kwa maneno yoyote yanayokujia, hata ya Sheng. Aya ya rasimu inafaa kuonekana hivi:

"Wakazi hupata maji ya mfereji siku XX kwa juma. Siku nyingine hununua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa shilingi XX, na bei XX-inaruka maji yakiadimika. Kamati inasema kisima cha pili kitapunguza XX-ile kupanga foleni alfajiri. XX-hapa iingie kauli ya mwenyekiti."

Aya hiyo haipendezi, na inatosha. Wazo limesimama: maji ni haba, bei hupanda, kisima kitawafaa watu fulani. Takwimu mbili na ile kauli ya mwenyekiti utazitafuta mchana kwa mkao mmoja, ukiwa na daftari la ugani mkononi, bila kuwaza sentensi.

Lakini kabla ya rasimu kuna robo saa ya kalamu na karatasi ambayo watu huiruka. Orodhesha hoja zako kwa mpangilio, kila hoja iwe sentensi kamili. "Hali ya maji" ni kichwa tu, na ukikifikia bado utajiuliza uandike nini. "Maji hayatoshi kwa sababu kisima kimoja kinahudumia vijiji vitatu" tayari ni nusu ya aya. Hoja sita au saba za namna hiyo hutosha ripoti ya kurasa kumi. Mpangilio ukishatulia kwenye karatasi, akili haihitaji kuubeba.

Kisha andika kwa dakika 25, pumzika 5. Kipimo hicho ni cha Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeanza kukitumia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Hakuna muujiza katika 25. Wengine wanafaulu kwa 40. Cha muhimu ni kwamba zile dakika tano si za simu. Ukisoma ujumbe, akili imeendelea kusoma, na kusoma ni ile ile kazi uliyotaka kuiacha. Simama, nenda dirishani, kachukue chai. Mizunguko mitatu au minne kwa asubuhi inatosha rasimu. Ukilazimisha wa sita utaandika, ndiyo, ila kesho yake utafuta.

Tunajua mtego utakaokunasa, kwa sababu unanasa karibu kila mtu: kurudi kwenye aya ya kwanza "nirekebishe kidogo tu". Punguza dirisha la kompyuta hadi ionekane mistari mitano, ili ya juu isikuite. Dalili nyingine ya kuangalia ni wingi wa XX. Moja au mbili kwa aya ni kawaida. Zikifika tatu katika kila sentensi, hujafanya utafiti wa kutosha. Funga rasimu urudi kwenye maelezo ya ugani. Na kabla ya kutuma ripoti kwa mtu yeyote, bonyeza Ctrl na F, andika XX, hakikisha hakuna hata moja iliyobaki.

Kuhariri nako kugawe, na ikiwezekana kuanzie siku ya pili. Kwanza mpangilio wa hoja peke yake: aya hii ihame, hii ifutwe. Usipambe sentensi kabla hujajua kama itabaki, maana ukishaipamba utaionea huruma na itakaa mahali isipotakiwa. Pili, takwimu na majina, ukilinganisha kimoja kimoja na chanzo chake. Tatu, sarufi. Hapo fuatilia kosa ambalo hata wazoefu hulifanya wakichoka: kitenzi kufuata nomino iliyo karibu badala ya nomino inayokitawala. "Ripoti za ukaguzi wa visima vimeonyesha" inapita sikioni kwa sababu ya visima, ilhali zilizoonyesha ni ripoti: *zimeonyesha*. Weka kidole kwenye nomino ya kwanza ya sentensi, uruke hadi kwenye kitenzi, uone kama vinapatana. Mwisho kabisa, soma kwa sauti. Ulimi ukikwama, msomaji naye atakwama papo hapo.

Mistari myekundu

*Kompyuta yangu inapigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili. Nimezoea, lakini nahisi inanichosha. — Mwalimu, Kasarani*

Umezoea kuiona, jicho halijazoea kuipuuza. Kila mstari unaiita akili ya kuhukumu wakati ile ya kuwaza ndiyo inayotakiwa. Katika Word, chagua maandishi yote kwa Ctrl na A, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, utie alama kwenye "Do not check spelling or grammar". Sahau ile Ctrl na A, mabadiliko yatagusa mahali ulipo tu na mistari itabaki kwingineko. Katika LibreOffice ni rahisi zaidi: Shift na F7 huzima mistari na kuiwasha tena. Kwenye simu, ongeza Kiswahili katika lugha za kibodi, au uzime kabisa masahihisho ya kujiendesha, kwani yanabadilisha maneno kimyakimya na utayagundua ukishachapisha.

Bosi anataka ajibiwe sasa hivi

*Kila nikianza kuandika, kikundi cha WhatsApp cha kazini kinalia. Nikijibu napoteza nilipokuwa. Nisipojibu naitwa ofisini. — Afisa mawasiliano, Westlands*

Unachokipoteza kimefanyiwa utafiti. Mwaka 2009 Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamia kazi ya pili akiwa hajamaliza ya kwanza, sehemu ya fikira hubaki kule alikotoka na ya pili huifanya vibaya zaidi. Baadaye, akiwa na Theresa Glomb, aliona kwamba kuandika kwa ufupi utarudi wapi na utafanya nini kabla ya kuhama hupunguza hasara hiyo.

Kwa hiyo kabla hujagusa simu, andika mstari mmoja pale pale ulipofika: "XX-nilikuwa naeleza kwa nini wazazi walikataa mchango wa chakula, inafuata hoja ya karo." Ni nusu dakika. Ukirudi unasoma mstari huo, si ukurasa mzima.

Kuhusu bosi, usimwombe ruhusa ya kutojibu, mpe ratiba. "Nitakuwa naandika. Nitaangalia ujumbe saa nne na nusu na saa saba kasorobo. La dharura nipigie." Kisha zima arifa zote uache simu ya kupigwa tu. Jambo linalostahili kupigiwa simu huwa ni nadra kuliko watu wanavyodhani, na wengi huligundua wakiwa tayari wameshika simu. Kama bosi wako ni wa wale wasiokubali hata hivyo, tunakuhurumia. Omba angalau saa moja ya asubuhi, ile kabla ya mkutano wa kwanza.

Saa mbili kwenye matatu

*Natoka Rongai kuja mjini kila siku, na foleni mnaijua. Naweza kutumia muda huo kuandika kwenye simu? — Msomaji, Ongata Rongai*

Kuandika, hapana. Gari linatikisika, redio iko juu, na simu iliyoshikwa dirishani kwenye foleni ya Nairobi hunyakuliwa. Lakini kuwaza, ndiyo, na huenda huo ndio muda wako bora wa siku.

Mwingereza Graham Wallas alieleza mwaka 1926 kwamba wazo jipya hupitia hatua nne: kujiandaa, kuliacha liatamiwe, kuchomoza kwake, na kulipima. Watu hupenda ile ya tatu na kusahau kwamba haiji bila ya kwanza. Ukipanda matatu ukiwa mtupu utashuka mtupu. Basi usiku, kabla ya kulala, soma kurasa zako za mwisho na uandike swali moja kwenye kipande cha karatasi. Liwe swali la kujibika: "Halima atajuaje kwamba barua ilifunguliwa?" lina kazi; "Hadithi iendeleeje?" halina. Lisome mara moja ukiingia garini, kisha liache. Tazama nje. Usilikamue.

Ukishuka, tembea na useme ulichopata kwa kurekodi sauti, dakika moja, isizidi mbili. Rekodi ndefu hakuna mtu huzisikiliza tena. Unaweza pia kuimlia simu iandike. Kibodi ya Google inaelewa Kiswahili cha kuimla tangu 2017. Itakosea majina ya watu na mitaa, itavuruga pale utakapochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, na alama za uandishi itakubidi uzitie mwenyewe. Jioni hiyo hiyo hamisha maneno hayo kwenye faili. Wazo la Jumatatu lililoandikwa kwa mkato huwa fumbo ikifika Alhamisi.

Riwaya ya usiku

*Mimi ni mhasibu, nina mtoto wa miaka miwili, na naandika riwaya usiku kuanzia saa nne. Nalala juu ya kibodi. Nikinywa chai nzito siandiki vizuri na pia silali. — Mama, Umoja*

Dada, anza na chai. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa mbili usiku, saa saba bado nusu yake iko kazini. Unakopa usingizi wa kesho, na rasimu ndiyo inayolipa. Sogeza chai nzito au kahawa ya mwisho hadi saa nane mchana.

La pili: saa nne usiku, baada ya siku nzima ya hesabu na mtoto, si saa ya kubuni. Usiache usiku, ila ubadilishe kazi yake. Usiku nakili maelezo, sahihisha tahajia, jaza zile XX, panga majina ya wahusika. Kubuni kupeleke asubuhi, hata kwa dakika 40. Watu wengi wa Eastlands hutoka nyumbani mapema kukwepa foleni na kufika kazini saa nzima kabla ya wakati. Saa hiyo huishia kwenye simu. Ichukue.

Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa mfanyakazi wa posta kwa zaidi ya miaka 30, na aliandika riwaya nyingi kabla ya kwenda kazini. Aliketi saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa saa tatu, nusu saa ya kwanza akisoma kazi ya jana, kisha maneno 250 kila robo saa, saa ikiwa mbele yake. Alikuwa pia na mtumishi aliyelipwa ziada amwamshe na kumletea kahawa, jambo ambalo wanaomsifu hawalitaji. Mwige katika lile la kusoma kwanza ya jana, kwa dakika tano. Yale maneno 250 mwachie. Neno moja la Kiswahili, *nitakapomwona* kwa mfano, linabeba kazi ya maneno manne au matano ya Kiingereza, na mtu anayejipimia kwa hesabu za Waingereza atajiona mvivu bure.

Jiwekee 200 kwa siku, siku tano kwa juma. Kwa majuma 50 hayo ni maneno 50,000, na riwaya imeisha hata ukiondoa juma la homa ya mtoto na juma la Krismasi. Ukifika 200 na bado una nguvu, andika mistari miwili ya kitakachofuata, uache. Kuanza kesho pasipo kujua pa kuanzia kunachosha kuliko maneno yenyewe.

Mawazo yamekauka

*Natunga mashairi ya arusi na ya kampeni, hasa tarbia, yale ya mishororo minne kwa ubeti. Zamani yalikuja yenyewe. Siku hizi naketi saa nzima nikihesabu mizani kwa vidole. — Mtunzi, Pumwani*

Kuhesabu mizani, yaani silabi, wakati wa kuwaza ndiko kunakokukausha. Tunga kwa hatua.

Kwanza andika ubeti kwa nathari: sentensi nne, kila moja na jambo lake. Ukishindwa kupata mambo manne, huna ubeti, na hakuna kina kitakachokuokoa. Pili, tunga kibwagizo mapema, kwa kuwa kitarudi kila ubeti na ndicho hadhira itakachoimba nawe. Kipe muda kuliko mshororo mwingine wowote. Tatu, kabla ya kugusa mshororo wa kwanza, jaza orodha ya vina pembeni mwa karatasi. Angalau maneno 12 kwa kila kina.

Hapo utagundua kwamba vina havilingani utajiri. Vitenzi vyetu vingi huishia na *a*, basi vina vyake ni rahisi: *-na* inakupa kauli nzima ya kutendana (pendana, agana, kosana, fuatana), *-wa* inakupa ya kutendwa, *-sha* ya kutendesha. Kwa upande mwingine *-mbo* inakupa jambo, wimbo, fumbo, umbo, pambo, chambo, na baada ya hapo unaanza kukwaruza sufuria. Ukichagua kina maskini kisha ukaandika mtiririko, yaani vina vilevile kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, utachoka ubeti wa nne, na msikilizaji atajua. Kwa shairi la beti kumi la kazi ya kulipwa, andika ukaraguni, vina vibadilike kila ubeti. Mtiririko uwekee shairi ambalo huna haraka nalo.

Mizani iwe ya mwisho. Nane kwa nane, yaani nane katika kila nusu ya mshororo, na kumbuka *m* ya *mtu* na *mti* ni mizani kamili. Ikizidi moja, jaribu kwanza kubadilisha neno, kisha mpangilio wa maneno, na inkisari, yaani kufupisha neno, iwe kimbilio la mwisho. Shairi lenye *muungwana* aliyefanywa *mungwana* mara moja tunalisamehe. Likifanya hivyo kila mshororo, mtunzi alihesabu kabla ya kuwaza.

Na kama hata yale mambo manne hayaji? Andika orodha ya mambo 20 kuhusu bwana na bi arusi, haraka, bila kuchagua. Matano ya kwanza yatakuwa yale ambayo kila mtunzi wa Nairobi angesema: waridi, mwezi, lulu, subira, dua. Yavuke. Kuanzia la kumi hivi ndipo watu hao wawili wenyewe huanza kuonekana, yule anayefunga hoteli saa sita usiku na yule anayemsubiri na taa.

Niiachie akili unde?

*Nikichoka, naweza kuiambia programu ya akili unde iandike rasimu, mimi nirekebishe? — Mwanafunzi wa uzamili, Juja*

Inategemea kilichokuchosha. Ikiwa ni kazi ya mikono, kama kupanga marejeo kwa mtindo mmoja, kugeuza maelezo kuwa jedwali au kuorodhesha maneno uliyoyarudia, itumie. Rasimu ni habari nyingine. Tulisema kuhukumu sentensi ni mojawapo ya zile kazi nne zinazochosha; ukiletewa kurasa tano za mwingine umeongezewa kazi hiyo na kupunguziwa ile ya kuwaza, ambayo ndiyo unayosomea. Isitoshe, programu hizi hubuni marejeo ambayo hayapo, na Kiswahili chake mara nyingi ni Kiingereza kilichovishwa kanzu: ngeli sawa, mpangilio wa kigeni. Kulinyoosha hilo huchukua muda mrefu kuliko kuandika upya.

Njia tunayoipendekeza ni kinyume chake. Andika rasimu yako mbovu, kisha iambie programu ikuulize maswali kumi ambayo msomaji mkali angeuliza. Jibu yale matatu ya maana, mengine tupa. Soma pia kanuni za chuo chako kabla, kwani tofauti ya kuulizwa na kuandikiwa inaweza kukugharimu shahada. Na usibandike humo majina au rekodi za watu uliowahoji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu watafiti pia.

Pa kuandikia

*Nyumba ni ya chumba kimoja na jirani ana spika. Mkahawa unataka ninunue. Niende wapi? — Msomaji, Kayole*

Maktaba. McMillan, ile ya mwaka 1931 yenye simba wawili mlangoni, iko Banda Street katikati ya jiji; ina matawi Kaloleni na Makadara, ambayo kwako ni karibu zaidi. Kuna pia maktaba ya taifa kule Upper Hill na tawi lake la Buruburu. Ulizia saa za kufungua na ada kabla ya kupanga safari. Nenda na karatasi pia, kwa sababu viti vyenye soketi huisha mapema, na mwenye kalamu hukaa popote.

Usiku wa spika, usijaribu kubuni. Vaa visikizi, weka sauti isiyo na maneno kama ya mvua au feni, ufanye zile kazi nyepesi. Muziki wenye mashairi unayoyajua unagombea nafasi ile ile ya maneno unayoihitaji.

Macho na kichwa

*Jioni macho yanawasha na paji la uso linauma. Ni kuandika? — Msomaji, South B*

Huenda ni kukodoa. Mbele ya skrini mtu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, nayo hukauka. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Skrini iwe urefu wa mkono kutoka usoni, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni, si nyuma yako. Kuza herufi hadi usilazimike kuinama. Ikiendelea baada ya juma mbili, au ukiona ukungu, acha kusoma safu za magazeti uende kwa mtaalamu wa macho.

Stima ikipotea

*Nimepoteza kurasa nane stima ilipokatika. Hasira imenitoa kwenye mswada kwa mwezi. — Msomaji, Githurai*

Pole sana. Fungua Word tena na utazame File, kisha Info, kisha Manage Document. Kuna sehemu ya kurejesha faili ambazo hazikuhifadhiwa, na mara nyingine kurasa huwa zimo. Kisha badilisha muda wa kujihifadhi kutoka dakika 10 hadi 2. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi isiyokaa mfuko mmoja na laptopu, na kwenye barua pepe yako mwenyewe au hifadhi ya mtandaoni kila Ijumaa.

Jina la faili lianze na tarehe, mwaka ukitangulia: 2026-02-09-sura-ya-nne. Zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Tumeshaletewa miswada iitwayo "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho huu ndio", na mwandishi mwenyewe hakujua atupe ipi.